Arobaini na Tisa wa Erie

Chuo cha Mtakatifu Columban, Ohio
Alhamisi, 14 Julai 1983

Dada Bernadine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Baba naye pumzi zake zimetulia, hagombani nazo sana. Mimi sijambo. Joto la huku usiulize. Tunalala madirisha wazi na bado asubuhi shuka unaweza kuikamua. Darlene anawasalimu wote wawili.

Kambi ya mpira wa Kimarekani imeanza Jumatatu. Tumekuja zaidi ya tisini, na kama unavyojua kuliko mtu yeyote Bonfield nzima, wanaotakiwa ni arobaini na tisa. Kocha Raymer ametupa hotuba ileile ya kila mwaka: hakuna aliye na nafasi yake, kila mtu aipiganie upya. Vijana wanaisikiliza kama mahubiri. Sisi wa zamani tunaangalia viatu.

Nimepangwa chumba kimoja na kijana kutoka Louisiana, Ellis Batiste, anacheza nafasi yangu, mlinzi wa nyuma ya mstari. Ana miaka ishirini na miwili na shingo kama gogo. Usiku wa kwanza aliniuliza, "Mzee, wewe umecheza hapa miaka mingapi?" Nikamwambia sita, huu wa saba. Akasema, "Basi wewe ndiye watakayemtoa ili mimi nibaki." Akacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Mwaka huu utaandika tena gazetini ukurasa wako wa nani atabaki? Wavulana wa huku wanaujua. Kuna mmoja wa kutoka kaunti yetu, mama yake humkatia na kumtumia.

Mbusu Baba. Mwambie asimguse Kocha Raymer kwenye sala zake, bado namhitaji.

Ni mimi mdogo wako,
Regis

*

Bonfield, Pennsylvania
Alhamisi, 21 Julai 1983

Regis mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumanne. Nimemsomea Baba barazani, akaniambia nirudie pale pa kocha. Amecheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake ukikijua ni safari ndefu. Daktari ameongeza mtungi wa pili wa hewa, mmoja wa chumbani, mmoja wa jikoni, maana hataki kukaa chumbani mchana. Anasema miaka thelathini na moja ameikaa chini ya ardhi, kwa hiyo sasa anataka dirisha.

Kanisani tumepika pierogi, yale maandazi ya kuchemsha ya viazi na vitunguu, tukauza kwa ajili ya paa. Mikono yangu bado inanuka vitunguu. Nyanya zimeanza kuiva. Mgodi wa Namba Mbili umefungwa kabisa, wamebandika mbao mlangoni, na wanaume wanashinda kwa kinyozi Lou Petrosky bila kunyolewa. Nikipita wananiita. "Berni, mwaka huu mwandike Lou kwenye hao arobaini na tisa, anamshinda mdogo wako mbio." Lou naye anasema, "Regis hakimbii, Regis anafika tu." Wanakupenda, ndiyo maana wanakusema.

Ndiyo, nitaandika. Mhariri anautaka ukurasa huo kwa toleo la Alhamisi ya tarehe 25 Agosti. Ndilo toleo pekee la gazeti letu linaloisha siku ileile.

Goti la kushoto linasemaje? Nauliza kwa sababu hukulitaja.

Dada yako,
Bernadine

*

Chuo cha Mtakatifu Columban
Alhamisi, 4 Agosti 1983

Dada,

Salamu kutoka jikoni pa shetani. Nashukuru kwa habari za nyumbani, nimezisoma mpaka nikasikia harufu ya vitunguu. Mwambie Lou nikija nitamnyoa yeye.

Wameanza kupunguza watu. Hujawahi kuliona hili na sijui kama niliwahi kukuelezea. Kuna Bwana Stitt, msaidizi wa ofisini, mtu mpole wa kuvaa tai fupi. Kabla ya chai ya asubuhi anapita kwenye korido, na unasikia hatua zake, kiatu kimoja kinalia. Akisimama mlangoni pako anagonga kidogo tu, kama mtu wa hotelini, anasema, "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako cha mafunzo." Basi. Ukisikia habari ya kitabu, jua umekwisha, maana hawataki uondoke na siri zao. Tukirudi kutoka mazoezini kitanda chake kimeshatandikwa. Hakuna anayemtaja tena. Mezani tunasogea tu tufunge pengo.

Mkono huu wa korido tulikuwa vyumba kumi na viwili. Sasa vitano vina watu. Jioni kumekuwa kimya, unasikia bomba la maji likidondoka mwisho kabisa kule.

Kijana Ellis hali vizuri. Anaandika kwa mama yake kila siku, na nikizima taa anageukia ukutani. Nimemfundisha mambo mawili matatu, jinsi ya kusoma mguu wa mtu anayemlinda mwenye mpira, maana mguu hauwezi kusema uongo. Anajifunza haraka mpaka inakera.

Goti liko salama.

Sasa nikuulize kama dada yangu, si kama mwandishi. Nimo? Kila mwaka ukinitia kwenye ukurasa wako nasema basi, Berni ameona. Niambie kabla ya gazeti.

Regis

*

Bonfield
Alhamisi, 11 Agosti 1983

Regis mpenzi,

Sisi hatujambo, nawe tunakuombea hivyo hivyo. Mvua imenyesha siku mbili, chini ya nyumba kumejaa maji, na pampu imekufa. Mwana wa Petrosky amekuja kuitengeneza, akaifungua yote, akaipanga vipande vyake sakafuni, akasema anakwenda kula. Hajarudi. Padri Mihalik amepata uhamisho kwenda Scranton. Baba anasema ni padri wa tatu anayemwungamia halafu anahamishwa, labda dhambi zake ni nzito.

Nilimpelekea mkeo Darlene kadi ya siku yake ya kuzaliwa pale kwenu Erie. Imerudi. Posta wameandika kwamba hapokei tena barua katika anwani ile. Nadhani ni makosa yao. Niambie nitume wapi.

Jumamosi nitakuja Erie kutazama mechi yenu ya majaribio. Baba hawezi safari, nitakuwa peke yangu, juu kule kwa waandishi.

Kula vizuri. Lala.

Bernadine

*

Chuo cha Mtakatifu Columban
Jumatatu, 15 Agosti 1983

Dada,

Pole na pampu. Pole na padri.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza.

Na Jumamosi nilikuona. Ulivaa kile kitambaa cha kijani cha Mama, hata nikiwa na kofia ngumu ya mchezo kichwani ningekijua. Mechi ilipokwisha nilisimama kwenye uzio, mahali wanaposimama watu wenye ndugu. Wake walikuwepo, watoto walikuwepo, mtu mmoja alikuja na mbwa. Nilisimama mpaka wakaanza kuokota vikombe. Hukushuka.

Posta hawakukosea. Darlene aliondoka mwezi Machi, yuko kwa dada yake Buffalo. Hatukugombana. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye kila Agosti anasubiri kugongewa mlango. Sikuwaambia kwa sababu Baba anampenda, na kwa sababu kuandika "Darlene anawasalimu" kulikuwa rahisi.

Sasa wewe nawe niambie lako.

Regis

*

Bonfield
Jumatatu, 22 Agosti 1983

Regis mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako mezani, nimeanza kukujibu na kuchana. Baba hajambo. Pampu imepona. Kuhusu Darlene nimelia kidogo, halafu nimeona mimi wa kulia ni nani, nawe umeyabeba peke yako tangu theluji.

Nataka uyapate haya kutoka kwangu kabla gazeti halijafika huko.

Sikukutia.

Jumamosi ile nilikutazama wewe tu. Katika robo ya tatu, walipopiga mpira mrefu nanyi mkakimbia kumwahi yule anayeupokea, uliukata uwanja vizuri kama zamani, ukafika mahali pa kugeuka, na hukugeuka. Ulipiga hatua ndogo mbili za kujipanga, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mtu akakupita hapo. Halafu kijana wa Louisiana akatoka nyuma yako akamwangusha. Watu kule juu waliandika jina lake. Mimi sikuandika kitu. Goti haliko salama, Regis, na wanaolipa wameliona kama nilivyoliona mimi.

Sikushuka kwenye uzio kwa sababu ungeniuliza, na uso wangu ungejibu.

Ningeweza kukutia. Mhariri mwenyewe alisema, "Mwandike mdogo wako, nani atakulaumu?" Lakini miaka yote watu wameniamini kwa sababu simwandiki mtu kwa mapenzi. Miaka sita nilikutia kwa kuwa ulistahili. Kama mwaka huu nakutia kwa huruma, basi hata ile sita inakuwa huruma.

Jana nilimsomea Baba ukurasa kabla sijaupeleka. Macho yake sasa hayasomi kitu. Nilipofika kwa walinzi wa nyuma nilisoma jina lako baada ya Batiste, kama limo. Akasema, "Vizuri." Ndivyo tulivyo hapa.

Usinichukie. Au nichukie, lakini uandike.

Bernadine

*

Chuo cha Mtakatifu Columban
Jumatatu, 29 Agosti 1983

Kwa Bi Bernadine Kubala, mtabiri mkuu wa kaunti,

Umekosea.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi kiatu cha Stitt kimelia korido nzima. Kimesimama mlango wa jirani, tukasikia yule bwana anasema, "Sawa, sawa," mara mbili, kama anayemtuliza Stitt. Ellis amekaa kitandani na viatu mguuni, mimi nimelala nikitazama dari. Kiatu kikaja. Kikasimama kwetu, naapa kilisimama. Kikapita.

Saa nane mchana wamefunga. Arobaini na tisa. Nimo. Ellis naye yumo. Wametubakiza wote wawili.

Sitasema nilifurahi kusoma barua yako. Niliikunja nikaiweka ndani ya kiatu, nikaikanyaga mazoezini wiki nzima, sasa haisomeki. Lakini ulisema kweli kuhusu zile hatua mbili, na nilikasirika kwa sababu ni kweli. Wanalitoa maji goti hili kila Jumatano. Haidhuru. Mguu mmoja na nusu umetosha.

Nenda kwa Lou, ingia, kaa kwenye kiti, useme mbele ya wote: "Nimekosea." Nataka waihesabu hiyo. Halafu msomee Baba barua hii yote, na safari hii huna haja ya kuongeza jina.

Nacheka, Berni. Chumba kizima kinacheka.

Ndugu yako, mchezaji wa Wavunja Barafu wa Erie,
Regis

*

Bonfield
Alhamisi, 1 Septemba 1983

Regis mpenzi wangu,

Sijui barua hii nakutumia wapi. Naituma kwenye nyumba yako ya Erie.

Barua yako imefika leo. Lakini Jumanne jioni redio ilikuwa imeshasema. Tulikuwa jikoni, namkatia Baba nyama. Walisema Wavunja Barafu wamemchukua mlinzi wa mstari aliyeachwa na timu nyingine, na ili apate nafasi wamemwacha Kubala. Walisema hivyo tu, halafu hali ya hewa. Siku moja. Hata sanduku la kambini hujamaliza kulifunga.

Baba alitua uma. Hakuuliza chochote kuhusu gazeti langu, na hajauliza mpaka leo. Alisema, "Atakuja na basi la saa kumi au la usiku?" Nikasema sijui. Akakaa dirishani mpaka mabasi yote mawili yakapita. Jana pia.

Leo mtu wa posta alipoleta barua yako nilijua mwandiko, nikajua tarehe. Sikutaka kuifungua. Baba akasikia karatasi, akasema soma. Nikasoma yote, Regis, mpaka kile chumba kinachocheka. Alisikiliza kichwa kikiwa kwenye kiti. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale anapocheka."

Nimesoma mara tatu.

Njoo nyumbani. Hakuna atakayesema kitu.

Bernadine

*

Bonfield
Jumapili, 9 Oktoba 1983

Regis,

Hujambo? Natumai hujambo. Barua zangu mbili hazijarudi, kwa hiyo najua zimefika mahali. Simu yako inalia tu. Nimempigia Darlene kule Buffalo. Anasema ulimpigia mara moja, Septemba, mkazungumza kuhusu jokofu.

Baba yuko vilevile, ila sasa anazungumza kidogo. Anakuuliza asubuhi, mara moja, halafu haulizi tena siku ile. Jumapili anafungua redio mechi inapoanza, na wakitaja timu anaifunga. Majani yameanguka, nimeyachoma mwenyewe.

Nikuambie jambo moja. Wiki ile baada ya redio nilikwenda kwa Lou, kama ulivyotaka, ingawa mambo yalikuwa yameshapinduka. Nilitaka tu kukaa na watu wanaokujua. Nilipoingia wakasimama. Mmoja akanipa mkono. Akasema, "Berni, hata kwa damu yako hukukosea." Walinipongeza, Regis. Nilisimama pale kwenye nywele za watu, mkono wangu ukiwa mkononi mwa mtu, na sikuwa na pa kuutia uso.

Nimemwambia mhariri sitauandika tena ukurasa ule. Akadhani nataka nyongeza.

Hii nyumba ina watu wawili wanaosikiliza mabasi. Andika hata mstari mmoja. Andika kwamba hutaki kuandika.

Bernadine

*

Erie, Pennsylvania
Jumapili, 20 Novemba 1983

Dada Bernadine,

Salamu kwako na kwa Baba. Mimi mzima. Nafanya kazi kwenye ghala la barafu karibu na ziwa, tunapakia samaki na nyama kwenye malori. Humo ndani watu hawazungumzi sana kwa sababu ya baridi, na hilo limenifaa. Barua zako zote nimezipata siku zilipofika. Nilikuwa nazisoma nimesimama na koti mwilini, halafu naziweka juu ya jokofu, nasema kesho. Sina kisingizio kingine.

Leo nilikwenda baa ya kona kutazama mechi ya Wavunja Barafu. Nilikuwa sijatazama hata moja tangu Agosti. Nilikaa mwisho wa kaunta. Robo ya pili wapinzani walijipanga, nikaona mguu wa mtu wao wa kulia umekaa nyuma kidogo, nikasema kwa sauti, "Wanakuja huku." Mzee wa pembeni akanitazama. Na kabla mpira haujatoka, Ellis ameshahama, yuko palepale wanapokuja, amemwinua yule mtu na mpira wake akamweka chini. Baa nzima ikapiga kelele. Yule mzee akaniambia, "Unaujua mpira wewe. Umewahi kucheza?" Nikasema kidogo. Akaninunulia bia, akaendelea kunieleza Ellis Batiste ni nani.

Nikatoka, nikatembea kando ya ziwa mpaka masikio yakafa ganzi, nikaona sasa nikuandikie, maana kuna jambo hulijui, nawe umejibebesha mzigo usio wako.

Ilikuwa Jumatano ile kabla ya mechi uliyokuja kutazama. Niliamka kumepambazuka, kitanda cha Ellis kitupu, sanduku halipo. Nikaenda dirishani. Alikuwa anakata uwanja kwenda kwenye lango la chuo kupanda basi, kichwa chini, peke yake. Walikuwa hawajamfukuza. Alikuwa anawakimbia mwenyewe. Nilisimama pale, Berni. Nilijua hesabu kama unavyoijua wewe: akipanda basi lile, kati ya walinzi waliobaki hakuna wa kunitoa, goti au si goti. Sikuhitaji kufanya kitu. Nilihitaji kurudi kitandani tu. Na nilirudi, nikakaa. Nilikaa kitambo cha kutosha kujijua.

Halafu nikashuka na ndala. Nilimkuta kwenye benchi la langoni, sanduku mapajani.

Nikamwambia, "Unakwenda wapi na kitabu cha watu?"

Akasema, "Nimekiacha kitandani. Niache, mzee. Siwezi. Usiku nasikia lile bomba, naona kama nitakufa humu na hakuna atakayejua jina langu."

Nikasema, "Mimi nalijua. Limeandikwa mlangoni kwangu."

Hakucheka. Akasema, "Wewe una faida gani nikibaki?"

Nikasema, "Sina."

"Basi mbona umeshuka?"

Jibu lake mpaka leo nalitafuta. Nilimwambia mwaka wangu wa kwanza nilikaa benchi hilohilo, na ni uongo, sikuwahi. Nikamwambia mlinzi mwenye macho kama yake sijamwona tangu nianze kucheza, na hiyo ni kweli. Basi likaja, dereva akafungua mlango, akatutazama sisi wawili, mmoja na ndala. Ellis hakuinuka. Mlango ukafungwa. Nikabeba sanduku lake mimi, tukarudi na kukuta chai imeshawekwa.

Asubuhi ile ngazi za bweni zilikuwa ndefu. Goti liliniambia kila moja. Nilipofika juu nilikuwa najua, kabla ya Raymer, kabla ya Stitt, kabla yako na gazeti lako. Halafu nikafanya kama sijui, nikakudai jibu, nikakukasirikia kwa kunijibu. Ile Jumatatu niliyocheka, nilicheka kweli. Nilidhani nimepata vyote viwili. Kesho yake kiatu kikasimama, na Ellis akalia kuliko mimi. Sikumwambia kitu na hatajua. Nawe usiandike.

Kwa hiyo acha kudhani ulinitoa. Nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, na sanduku la mtu mwingine begani.

Ghala wanafunga kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani. Nitapanda basi la Jumatano, linalofika saa kumi jioni. Mwambie Baba. Akina Lou usiwaambie, sitaki watu kituoni.

Wewe njoo. Safari hii nitakutazama usoni, na sitakuuliza kitu.

Regis